Fundi nahitaji msaada: mavazi ya Haruni, joho la njuga na ile hadithi ya kamba mguuni

Fundi wa Kiusa (Moshi)

Habari za jioni wapendwa. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Kiusa hapa Moshi mjini, huu mwaka wa kumi na tisa. Nashona sare za shule, vitenge vya harusi, na majoho ya kwaya msimu ukifika. Kwa hiyo sijaja kuuliza kushona. Nimekuja kuuliza maana ya ninachokishona, kwa sababu nguo usiyojua mtu anaivaa akafanye nini huwezi kuikata vizuri.

Mwalimu wa shule ya Jumapili ameniletea kazi ya Sikukuu ya Mikaeli na Watoto. Watoto wataigiza Musa akimvika Haruni mavazi ya ukuhani. Haruni wetu ana miaka kumi na moja, bega inchi kumi na tatu na nusu, na bado anarefuka. Bajeti yote ni shilingi 60,000, fimbo ya Musa ikiwemo. Nikamwambia mwalimu, wana wa Israeli walitoka Misri na dhahabu za Wamisri, wewe umenijia na elfu sitini. Akacheka, lakini hakuongeza.

Juzi umeme ulikatika tangu saa kumi, mashine ya ovaloki ikalala, nikakaa na taa ya simu nikasoma Kutoka 28 yote, halafu 39 ambako kazi yenyewe inafanyika. Nimekulia kanisani lakini nakiri sijawahi kuisoma hivi, mstari kwa mstari na chaki mkononi. Mambo mawili yakanishika.

La kwanza, kabla Mungu hajataja hata nguo moja, anataja mafundi. Mstari wa 2 ni mavazi matakatifu kwa Haruni, kwa utukufu na kwa uzuri. Mstari wa 3 ni watu wenye moyo wa akili waliojazwa roho ya hekima, waende wakashone. Sijawahi kusikia mahubiri ya mstari huo. Sisi mafundi tunahubiriwa kuhusu kuchelewesha nguo za wateja tu.

La pili ni shingo. Mstari wa 32 unasema joho liwe na tundu la kichwa katikati, na tundu hilo lizungushiwe utepe uliofumwa, kama shingo ya darii ya askari, ili lisiraruke. Hapo nilicheka peke yangu gizani. Mwaka wangu wa pili kibandani nilimshonea mchungaji mmoja joho, jina lake nalihifadhi. Shingo nikaikunja pindo moja, sikuweka utepe wala bitana, nikaona inatosha. Siku ya ibada akalivuta kichwani kwa haraka, kengele inalia, likachanika kutoka shingoni hadi usawa wa kitovu. Alihudumu na pini tatu, mimi nimekaa benchi la nne natamani sakafu inimeze. Kwa hiyo aliyetoa lile agizo la utepe anajua nguo inapasukia wapi. Hilo nina uhakika nalo kuliko mambo mengi.

Sasa maswali. Naivera ni nini hasa? Nimeuliza watu watatu, nimepata majibu manne. Kifuko cha kifuani kinapimwa shibiri kwa shibiri, sasa nipime kwa shibiri ya nani? Yangu ni karibu inchi nane na nusu, nikiiweka kifuani kwa huyu mtoto itamfunika hadi tumboni. Njuga kwenye pindo ni ngapi, na zinalia kwa ajili ya nani? Maana wote tumesikia kwamba kuhani alifungwa kamba mguuni ili njuga zikinyamaza wajue amekufa wamvute, ila kamba yenyewe nimeitafuta sura nzima sijaiona. Na jirani yangu anayeuza nyuzi amenitia hofu, anasema kumvisha mtoto nguo hizo kwa igizo ni dhambi.

Mniwie radhi kwa urefu. Umeme bado haujarudi.

Mzee wa Sakina

Mwanangu fundi, salamu kutoka Arusha. Mimi ni mwinjilisti mstaafu, nyumbani ni Machame, uzee umenileta huku kwa watoto. Nimefurahi kuona mtu anasoma Kutoka 28 bila kulazimishwa na kipindi cha Biblia.

Njuga ni hodi. Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Hata huko kwetu mtu haingii kihamba cha mwenzake, yaani shamba la nyumbani kwake, kimyakimya, akiingia hivyo ni mwizi au mchawi. Atakohoa, ataita, atagonga kibuyu. Sasa huyu anaingia nyumbani mwa Mungu, kila hatua joho linapiga hodi kwa niaba yake. Maandiko yenyewe yanasema sauti isikike aingiapo na atokapo, asije akafa. Na kamba ilikuwepo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuingia patakatifu pa patakatifu kumtoa. Nimehubiri hivyo zaidi ya miaka thelathini.

Lakini ninalotaka ulibebe si njuga. Nenda Hesabu 20, mwisho wa sura. Haruni anapandishwa mlima Hori, mbele ya macho ya mkutano wote. Yuko Musa ndugu yake na Eleazari mwanawe. Juu kule Musa anamvua Haruni mavazi yake na kumvika Eleazari, na Haruni anafia pale pale mlimani. Nguo inashuka na mwana, baba anabaki. Nilipostaafu nilikabidhi joho usharikani, mke wangu akasema si ulichukue nyumbani, umelivaa miaka yote hiyo. Nikamwambia lilikuwa la kazi. Nilisema kwa ujasiri, ila nilipofika nyumbani nililala mchana, jambo ambalo si kawaida yangu.

Kutoka 29 inasema wazi kwamba mavazi ya Haruni yatakuwa ya wanawe baada yake, na atakayekuwa kuhani mahali pake atayavaa siku saba. Kwa hiyo fundi, ukikata acha akiba ya pindo. Nguo hii haishonewi mwili mmoja.

Mbarikiwa_Njoro

Dada fundi jirani yako yuko sahihi. Vitu vitakatifu si vya maigizo. Wauzie hao watu kitenge waende.

Dereva wa Marangu

Mimi nasubiri picha tu. Na huyo mchungaji wa pini tatu namjua, ila nanyamaza.

Kijana wa Usa River

Shikamoo mzee, na shikamoo mama fundi. Mimi nasoma theolojia, niko mwaka wa tatu, Kiebrania kimenitoa jasho hadi nikakipenda. Naomba nijibu, na mzee anisamehe pale nitakapompinga.

Naivera. Neno la Kiebrania ni efodi. Biblia ya zamani tuliyozoea inasema naivera, ile ya Habari Njema inasema kizibao, na yote mawili yanampotosha fundi kidogo. Kwa maelezo ya maandiko ilikuwa karibu zaidi na aproni: ina vipande viwili vya mabegani vinavyoungana na mwili wake, na mshipi wa kiunoni uliofumwa pamoja nayo, kitambaa kile kile. Mshone mtoto aproni nzuri yenye mikanda mipana ya mabegani, hutakosea sana. Juu ya kila bega kuna jiwe la shohamu lenye majina sita ya wana wa Israeli, kwa utaratibu wa kuzaliwa kwao. Kifuko kinakaa mbele, kimekunjwa mara mbili kama mfuko, na ndani yake Urimu na Thumimu za kuulizia mapenzi ya Mungu. Majina yale yale kumi na mawili yanarudi tena kwenye mawe ya kifuko. Kwa hiyo Haruni anawabeba watu mara mbili, mabegani na moyoni, na sababu imeandikwa: viwe ukumbusho mbele za BWANA. Anapoingia haingii peke yake.

Shibiri ni nusu ya dhiraa, kama sentimita 22 au 23 za mtu mzima. Kwa Haruni wako tumia shibiri ya Haruni wako. Mwambie anyooshe mkono, kidole gumba hadi kidole cha mwisho.

Sasa kamba. Mzee wangu, haimo kwenye Biblia. Haimo kwa Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1 aliyekuwa wa ukoo wa kikuhani mwenyewe na aliyeyaeleza mavazi haya kwa kirefu. Haimo kwenye Mishna wala Talmudi, vile vitabu vya zamani vya mafundisho ya walimu wa Kiyahudi. Inakuja kuonekana kwenye Zohari, maandiko ya siri za Kiyahudi yaliyojitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13, zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili baada ya hekalu kuchomwa mwaka 70. Na kuna jambo kubwa zaidi ya hilo. Soma Walawi 16:4. Siku ya Upatanisho, siku ile moja ya mwaka ambayo kuhani mkuu anaingia nyuma ya pazia, havai joho la buluu. Anavaa kanzu ya kitani, suruali ya kitani, mshipi wa kitani na kilemba cha kitani. Dhahabu yote imebaki nje. Njuga hazipo. Hakuna cha kunyamaza wala cha kusikiliza.

Hilo ndilo linalonishika mimi kama shingo ilivyomshika mama fundi. Kwa watu anatokea amewaka rangi na dhahabu, akiingia ndani kabisa anavaa kitani cheupe kitupu. Akimaliza anazivua zile za kitani humo humo na kuziacha, anaoga, ndipo anavaa nyingine atoke.

Njuga zenyewe Biblia haitaji idadi. Talmudi ina rai mbili, 72 na 36. Na walimu hao hao wa Talmudi wana fundisho zuri kwamba kila vazi lilifanya upatanisho kwa dhambi yake: kilemba kwa kiburi kwa kuwa kiko juu, mshipi kwa mawazo ya moyo kwa kuwa unafungwa hapo karibu, bamba la kwenye paji la uso kwa ukavu wa macho, na joho la njuga kwa masengenyo. Sauti ikafunike sauti.

Kuna jambo moja hukuliuliza ila wewe fundi utalipenda. Kumbukumbu la Torati 22:11 inamkataza Mwisraeli wa kawaida kuvaa nguo ya sufu na kitani pamoja. Lakini nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu za kuhani zinaeleweka tangu zamani kuwa ni sufu, kwa sababu kitani hakinywi rangi zile vizuri, nazo zimefumwa pamoja na kitani. Yaani mchanganyiko ule unaokatazwa mtaani ndio nguo ya kazi ndani ya hema. Halikuwa katazo la kitu kibaya, kilikuwa kitambaa kimewekewa nafasi. Halafu Hesabu 15 inaagiza kila Mwisraeli atie uzi wa buluu kwenye kishada cha pindo la nguo yake. Buluu ile ile ya joho la kuhani mkuu, uzi mmoja mmoja, kwa mchunga mbuzi na kwa kinyozi.

Na buluu hiyo haikuwa ya kununua dukani kwa pakiti. Ilitoka kwa konokono wa bahari ya Mediterania, na zambarau vilevile kwa ndugu zake. Mwaka 1909 mkemia mmoja, Paul Friedländer, alikamua konokono 12,000 akapata gramu 1.4 ya rangi ya zambarau. Haifiki hata kijiko.

Mangi wa Mawe (Arusha)

Nimepita tu, mimi ni mtu wa vito, nanunua na kuuza. Nawaongezea kwenye kifuko.

Mawe ni kumi na mawili, safu nne, matatu matatu. Mama fundi usiumize kichwa na majina yake. Wataalamu wenyewe hawakubaliani, kila tafsiri ina orodha yake. Kwa mfano Biblia yetu inataja almasi safu ya pili. Mawe haya yalichorwa majina kama mhuri unavyochorwa, na almasi enzi zile hakuna aliyeweza kuichora, ndiyo jiwe gumu kuliko yote. Na ile yakuti samawi wengi wanaona ni lapisi lazuli, lile jiwe la buluu nzito lenye vumbi kama la dhahabu, lililokuwa likitoka pande za Afghanistan. Kwa biashara yangu hilo linaingia akilini, maana lapisi ni laini, inachorwa.

Kuna mteja aliwahi kunibishia kwamba tanzanaiti imo kwenye kifuko cha Haruni. Nikamwambia mzee, tanzanaiti imejulikana mwaka 1967 hapo Mererani, Musa hakupita Mererani. Akaondoka amekasirika, hakununua.

Ushauri wa bure: nenda sokoni kwenye vifungo vya makoti. Tafuta vikubwa, rangi kumi na mbili tofauti, vya kung'aa. Ukikosa rangi njoo Arusha nikupe vioo vilivyokatwa, vya kufundishia wanafunzi. Bei utanipa soda.

Mzee wa Sakina

Kijana wa Usa River, marahaba. Nimesoma jibu lako mara mbili, mara ya pili na Biblia mkononi. Walawi 16:4 naifahamu kwa moyo. Nimeihubiri Ijumaa Kuu ngapi sijui, na kamba nimeihubiri Jumapili ngapi sijui, na sikuwahi kuziweka meza moja. Mke wangu ananiuliza nacheka nini.

Sasa niongeze kimoja ili nisionekane nimeshindwa kabisa. Huyo Yosefo wako anaeleza kwamba kuna wakati Warumi walichukua mavazi ya kuhani mkuu wakayafungia ngomeni Antonia, pale pembeni ya hekalu, yanatolewa sikukuu kisha yanarudishwa chini ya lakiri, mpaka gavana Vitellius alipowarudishia Wayahudi. Yaani hawakuhitaji kumfunga kuhani. Walifunga kabati. Fundi, uione nguo unayoishika.

Na wewe Mbarikiwa, kama ni dhambi mtoto kuvaa, Samweli tumweke wapi? Fungua 1 Samweli 2.

Mbarikiwa_Njoro

Samweli alikuwa anatumika kweli mzee, hakuwa anaigiza. Ila nimeusoma. Sina la kuongeza kwa sasa.

Fundi wa Kiusa (Moshi)

Shikamoo mzee. Na wengine wote asanteni, nimechelewa kurudi kwa sababu nilikuwa nashona. Niwape mrejesho.

Mzee amenipeleka 1 Samweli 2 na sijatoka huko. Mstari wa 18, Samweli mtoto amevaa naivera ya kitani. Mstari wa 19, mama yake alimshonea kanzu ndogo na kumpelekea mwaka kwa mwaka, walipokwenda kutoa dhabihu. Mwaka kwa mwaka! Mimi mwanangu yuko shule ya bweni, namuona likizo kwa likizo, kila akija suruali iko juu ya kifundo cha mguu. Huyo mama yake Samweli, Hana, alikuwa anashona bila kumpima. Alikuwa anakisia. Anakaa nyumbani na kitambaa, anajiuliza mwaka huu mtoto amefika wapi, anaongeza inchi mbili, anaongeza tatu. Hii kazi naijua, na haitaki futi kamba. Kwa hiyo jirani yangu wa nyuzi nimemsomea mistari hiyo miwili, akasema haya, lakini nyuzi za dhahabu bei ni ile ile.

Kitani nilikipata Memorial, kwenye mitumba. Kitambaa cha meza kikubwa, cheupe, kimetoboka pembeni. Muuzaji alikuwa anakiita pamba. Nilichomoa uzi mmoja nikauwasha kiberiti: ukiwa wa plastiki unajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi, ukiwa kitani unawaka kama karatasi na jivu linapeperuka. Ukapeperuka. Nikavuta uzi mwingine nikaulowanisha kwa mate nikauona una vifundo vifundo, mnene hapa, mwembamba pale. Kitani kitupu. Elfu nne. Sikubishana naye kuhusu pamba, na hapo ndipo dhambi yangu ilipo kama mnaitafuta.

Joho ni buluu ya sare ya shule, sina konokono. Shingo nimeizungushia utepe mara mbili, ndani na nje, nikapiga mishono mitatu. Nililivuta kwa mikono yote miwili nimeegemea ukuta, halikusogea. Njuga ni kengele ndogo za mti wa Krismasi, nimepata 24 kwa pesa iliyobaki, kwa hiyo Talmudi nimeikosa rai zote mbili. Yale makomamanga ambayo Kutoka 28 inayataka pindoni kati ya njuga na njuga, nimeyafunga kwa sufu, buluu, zambarau na nyekundu, kama vile vishada vya kofia za watoto, yananing'inia kati ya kengele na kengele. Tunda lenyewe nililiona mara moja tu, lina kile kitaji juu, basi kila moja nimelikatia kitaji.

Vifungo vya makoti nilipata rangi tisa. Mangi nakuja Alhamisi kwa hizo tatu, soda yako ipo.

Naivera nimeishona kama aproni, kijana umeniokoa. Kwenye dhahabu nilikwama nikarudi Kutoka 39, mstari wa 3. Kumbe hawakununua uzi wa dhahabu. Waliifua dhahabu ikawa mabati membamba, wakayakata yakawa nyuzi, ndipo wakafuma na ile buluu na zambarau. Nilikaa nikaangalia mkasi wangu. Kukata bati la dhahabu liwe jembamba kama uzi, bila kuukatisha, na ufuate sufu bila kuikwaruza! Bezaleli na Oholiabu, mafundi wakuu wa hema, tunawasikia, lakini aliyekuwa ameshika huo mkasi hakuandikwa. Na wanawake waliosokota zile nyuzi, Kutoka 35, nao tumeambiwa wana mioyo ya hekima, majina hakuna. Nimefanya kama wao kwa uwezo wangu: karatasi ya dhahabu ya kufungia zawadi, nimeigandisha kwenye bitana, nikaikata kwa wembe. Nimekatika kidole.

Jana tulimjaribisha. Nilimpa nguo zote avae mwenyewe, akashindwa. Mshipi wa naivera unafungwa nyuma, mabega yanateleza, kilemba kinahitaji mikono minne. Mwalimu akasema nirahisishe, niweke zipu. Nikamwambia hapana, Walawi 8 Haruni hajivishi, anaogeshwa na kuvikwa, Musa ndiye anafunga kila kitu. Basi tukamwita Musa, ambaye ni dada yake wa darasa la saba, akamvika polepole huku akimwambia tulia. Alipomaliza kufunga lile bamba mtoto akanyamaza kabisa, akawa anatembea kama amebeba ndoo ya maji kichwani. Kengele zikaanza. Mama mmoja anayepita na mkungu wa ndizi akasimama mlangoni akauliza kuna nini humu ndani.

Swali moja limebaki, na ni la mwalimu, si langu. Anasema suruali ya kitani ya nini, haionekani, joho linafika chini, tubane bajeti. Niiache?

Kijana wa Usa River

Mama, kwa igizo lako mwalimu ana hoja, kwa sababu Walawi 8 Musa anapomvika Haruni suruali haitajwi kabisa. Inaonekana alikuwa ameshaivaa mwenyewe. Ila kwenye agizo, Kutoka 28:42, ipo, tangu kiunoni hata mapajani, kufunika utupu wao.

Na Mishna ina habari yake nyingine. Suruali na mishipi ya makuhani ikichakaa haikutupwa. Iliraruliwa ikasokotwa tambi, ndizo zilizowashwa kwenye taa kubwa za ua wa hekalu usiku wa sikukuu ya Vibanda. Mwanga ule, inasema Mishna, hapakuwa na ua Yerusalemu usioufikia.

Fundi wa Kiusa (Moshi)

Nimeshaishona. Kitambaa cha meza kilibaki kipande, kile chenye tobo, tobo nimelipeleka kwenye mshono. Imemtosha, inafika juu ya goti. Nimemwekea mpira kiunoni, hapo Musa atanisamehe. Mabaki ya kitani nimeyafunga kwenye mfuko, umeme ukikatika tena nitajaribu tambi kwenye koroboi niwaambie.